Mlevi Anapokoseshwa Pombe Ghafla: Kazi ya Muuguzi

Mtu mzima aanguka kutoka mwembeni, avunjika paja, alazwa hospitalini. Siku ya kwanza ametulia. Kesho yake asubuhi mikono yatetemeka, jasho lamtoka, moyo wamwenda mbio. Usiku wa tatu aona wadudu ukutani, amwita mkewe asiyekuwapo, ataka kushuka kitandani na paja lake lililovunjika. Jamaa zake husema malaria imempanda kichwani; wagonjwa wenzake hunong'ona kwamba amerogwa. Lakini mtu huyu amekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi, na tangu alazwe hajaonja hata tone.

Ubongo huendeshwa na nguvu mbili zinazopingana. Kemikali iitwayo gaba hutuliza chembe zake. Nyingine, glutameti, huzichochea. Pombe huiongezea gaba nguvu na kuizuia glutameti, ndiyo maana mlevi husinzia. Ubongo unaoleweshwa kila siku hujirekebisha: hupunguza usikivu wake kwa gaba na kuongeza vipokeo vya glutameti, hata mizani ikalingana hali pombe imo. Pombe ikiondolewa ghafla, uchochezi hubaki bila wa kuuzuia.

Daktari Mwingereza Thomas Sutton aliueleza ugonjwa huu wa kutetemeka na kuweweseka mwaka 1813, lakini chanzo chake kilibishaniwa kwa muda mrefu: je, ni pombe yenyewe, ni njaa, au ni kuacha kunywa? Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake, huko Lexington nchini Marekani, waliwanywesha pombe wafungwa waliojitolea kwa majuma kadhaa, huku wakiwalisha vizuri, kisha wakawakatia ghafla. Baadhi yao walishikwa na degedege, wengine wakaweweseka. Jaribio la namna hiyo lisingekubaliwa leo, ila jibu lilipatikana.

Basi muuguzi anajua saa za hatari. Mtetemo huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho; degedege huja zaidi katika siku mbili za kwanza; kuweweseka, kunakoweza kuua, huanza mara nyingi siku ya pili hadi ya nne. Hesabu hii haina maana iwapo hakuna aliyemwuliza mgonjwa, siku ya kulazwa: unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Huulizwa kwa sauti ileile ya kuulizia kikohozi. Anayekunjiwa uso atajibu, "Kidogo tu, siku za sikukuu," na jibu hilo laweza kumgharimu maisha.

Kipimo kilichotolewa na watafiti wa Toronto, Kanada, mwaka 1989, huangalia dalili 10 na jumla yake ya juu ni alama 67. Mgonjwa hunyoosha mikono na kutanua vidole. Muuguzi hutazama mtetemo, hugusa jasho, huuliza leo ni siku gani. Alama zikipanda, hupewa diazepamu kwa agizo la daktari, dawa inayoitia nguvu gaba kama pombe ilivyofanya. Ikizidi, pumzi huzorota. Kwa hiyo muuguzi huhesabu pumzi kabla ya kuongeza. Taa huachwa ikiwaka, na mgonjwa huambiwa tena na tena yuko wapi. Kamba, ambayo wengi huikimbilia kwanza, humzidishia hofu.

Jambo moja husahauliwa mno. Walevi wengi wamepungukiwa na vitamini B1, ambayo mwili huihitaji ili kutumia sukari. Akitundikiwa chupa ya glukosi bila kupewa vitamini hiyo, akiba ndogo iliyosalia yaweza kwisha, na ubongo ukaharibika: macho hukosa mwendo wake, miguu huyumba, kumbukumbu hupotea, pengine kwa maisha yote. Carl Wernicke alizieleza dalili za kwanza za maradhi hayo mwaka 1881. Sindano ya vitamini ni ya bei nafuu, nayo hutangulia glukosi au huenda pamoja nayo.

Kwa kawaida baada ya juma moja hivi mtetemo huisha. Hamu ya pombe haiishi, na hapo huanza kazi ya kliniki ya afya ya akili. Kabla ya kumruhusu, muuguzi huandika katika faili yote yaliyotokea, kwa sababu ubongo uliokwisha kupitia msukosuko huu hushikwa na degedege kwa urahisi zaidi mara nyingine.