Programu ya bajeti

Programu ya bajeti ni programu ya simu inayomsaidia mtu kupanga na kufuatilia mapato na matumizi yake ya kila siku.

Nchini Tanzania huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2008, hutuma ujumbe baada ya kila muamala, lakini fedha taslimu hubaki bila kumbukumbu. Hivyo programu inayofaa humruhusu mtumiaji kuandika matumizi mwenyewe, hata bila intaneti.

Asiye na mshahara huhitaji programu inayopanga kwa siku au wiki na kutenga akiba. Kwa mfano, katika bwawa la Nyumba ya Mungu serikali imewahi kusimamisha uvuvi ili samaki wazaliane; wakati huo mvuvi hutegemea akiba yake.

Programu inayodai namba ya siri ya M-Pesa haifai.