Kwa nini ngazi ulizopanda hazifanane na mama yao?

Mulimaji wa Kailo anaokota mbegu chini ya mti wa ngazi wenye mafuta mengi. Kiisha miaka 4 anashangaa: miti mingine iko na ganda nene, mingine inatoa maua lakini haizai vizuri. Hapana uchawi! Mwaka 1941, kule Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kama ule mti mzuri, tenera, ni mtoto wa dura (ganda nene) na pisifera (bila ganda). Tenera kwa tenera, karibu robo ya watoto ni dura, robo pisifera. Na kama wadudu walileta unga wa ua kutoka dura ya pori, nusu ni dura. Mbegu ya kupanda itoke kwa dura na pisifera waliochaguliwa, si chini ya mti.