Nyumba ya Karen: Kuta Nzuri Hazitoshi

Ni mama gani asiyetamani nyumba nzuri? Wengi wetu tumekesha tukihesabu mabati na mifuko ya saruji. Leo nakualika tuitembelee nyumba moja ambayo kila aionaye husema, "Hapa pana raha." Iko Karen, kitongoji cha jiji la Nairobi, ikitazamana na vilima vya Ngong. Kuta zake ni za mawe, paa lake ni la vigae, na mbele yake pana uwanja mpana wa nyasi. Wamepita humo wakazi wengi, nao wametuachia mafunzo.

Bibi arusi kutoka Denmark

Nyumba hii ilijengwa mwaka 1912 na Msweden aitwaye Åke Sjögren. Mwaka 1917 walihamia humo Bror Blixen na mkewe Karen, Mdenmark, waliofunga ndoa Mombasa Januari 1914. Shamba lao lilikuwa na ekari kama 4,500, na kati ya hizo 600 hivi zilipandwa kahawa. Ardhi hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawia wageni, na familia za Wakikuyu zilizoishi humo zikahesabiwa kuwa maskwota.

Machoni pa watu, mama huyu hakukosa kitu. Lakini kabla hata hajaingia nyumba hiyo alikuwa amekwisha kubeba mzigo mzito. Katika mwaka wa kwanza wa ndoa aligundulika kuwa na kaswende, na walioandika maisha yake husema aliambukizwa na mumewe. Mwaka 1915 alilazimika kurudi kwao kutafuta matibabu. Penisilini ilikuwa haijapatikana. Alitibiwa kwa zebaki na aseniki, dawa ambazo zenyewe ni sumu.

Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1925 wakatalikiana. Shamba nalo halikustawi, kwa kuwa mahali pale ni pa juu mno kwa kahawa, na mwaka 1923 kiwanda kiliungua. Madeni yakazidi. Mei 1931 mwanamume aliyempenda, Denys Finch Hatton, alikufa kwa ajali ya ndege huko Voi. Mwaka huohuo Karen aliiacha nyumba, akarudi Denmark mikono mitupu.

Dawa barazani

Hata hivyo, huzuni haikumfungia ndani. Asubuhi nyingi alitibu wagonjwa wa shambani, ingawa ujuzi wake ulikuwa wa huduma ya kwanza tu. Mmoja wao alikuwa mtoto Kamante Gatura, mwenye vidonda vibaya miguuni. Karen alijaribu kumtibu, akashindwa. Hakuona haya kukiri kwamba ameshindwa, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti. Baada ya miezi mitatu Kamante alirudi siku ya Pasaka, miguu imepona, naye amekuwa Mkristo. Baadaye akawa mpishi hodari wa nyumba ile.

Shamba lilipouzwa, Karen alikwenda ofisi hadi ofisi akiwaombea maskwota wasitawanywe. Mwishowe wakaruhusiwa kuhamia pamoja Dagoretti.

Wakazi waliofuata

Mwaka 1935 nyumba ilichukuliwa na afisa wa jeshi la Uingereza, aliyekaa humo mpaka alipofariki mwaka 1954. Binti zake wakairithi. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua na kuipa Kenya kuwa zawadi ya Uhuru, na mahali pale pakawa chuo cha lishe. Naona hiyo ni baraka: nyumba ambayo mama mmoja alikosa mtoto wa kulea, ikawa mahali pa kufundishia namna ya kulisha watoto wa wengine. Tangu mwaka 1986 ni jumba la makumbusho.

Sisi tujifunze nini?

Katika kazi yangu ya uuguzi nimewapokea akina mama waliovaa vizuri, wenye nyumba nzuri, lakini wanaoogopa kusema kinachowauma. Wengine huja wakati mimba imekwisha kuharibika. Mama mpendwa, usifiche. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuharibu mimba au kumfanya mtoto azaliwe mfu. Lakini siku hizi hupimwa kwa tone la damu na huponywa kwa penisilini. Ikiwa bado changa, sindano moja hutosha.

Basi nenda kliniki mapema mara ujuapo una mimba, upime kaswende pamoja na virusi vya UKIMWI. Nenda na mumeo. Kutibiwa peke yako ni kama kudeki sakafu huku paa linavuja, kwa maana utaambukizwa tena. Akisitasita, zungumza naye kwa upole, au mwombe muuguzi au mchungaji mnayemwamini awasaidie.

Na wewe baba, ukiokota gazeti hili mezani, jua kwamba uaminifu wako ni ukuta ambao hakuna fundi awezaye kuujenga badala yako.

Tuombe Mungu atupe nyumba nzuri, si vibaya. Lakini kwanza tumwombe aingie humo yeye mwenyewe, ili tusiogope kuambiana kweli tukiwa chini ya paa moja.