Hirimu wa Marehemu

Katika nchi tambarare ya Kyela inayonyweshwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio kabla haijafika Ziwa Nyasa, nchi ya mpunga, kakao na migomba, palikuwa na desturi iliyowastaajabisha wageni kuliko zote. Mtoto wa kiume wa Kinyakyusa, alipopata umri wa miaka kumi hivi, aliacha kulala kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda pembezoni mwa kijiji pamoja na hirimu zake. Na kibanda hicho, kwa kupita miaka, kikawa kijiji chao wenyewe, walimooa, wakalima na kuzeeka. Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alikaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, aliiandikia desturi hii kitabu kizima kilichotoka mwaka 1951. Wavulana hao walikwenda kula kundi zima kwa mama wa huyu, kisha kwa mama wa yule, hata kila mmoja akawa kama mwana wa nyumba nyingi.

Msomaji aliyepata habari za Israel atakumbuka vijiji vya shirika viitwavyo kibutsi, ambavyo cha kwanza, Degania, kiliasisiwa mwaka 1910. Katika vingi vya vijiji hivyo, kwa miaka mingi, watoto walilala na wenzao wa rika katika nyumba ya watoto, si kwa wazazi. Hao waliunganishwa na itikadi. Wanyakyusa waliunganishwa na mila. Lakini pande zote mbili, kijana akifa vitani, wafiwa si watu wa mlango mmoja.

Vita vilipokuja, vilikuja mbali na Kyela. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa tarehe 2 Novemba. Jeshi likaongezwa wanamgambo kutoka vijijini, pamoja na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), chombo kilichoanzishwa mwaka 1963 na ambacho mwanzoni kilipata wakufunzi wa Kiisraeli, watu waliokwisha kuzoea kushika jembe na bunduki kwa pamoja. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Serikali ilitangaza kuwa askari wetu 373 walifariki, na 96 tu kati yao ndio waliouawa katika mapigano. Hesabu hiyo hunifikirisha, maana sisi hupenda shujaa wa risasi. Ilhali aliyekufa kwa homa au kwa lori lililopinduka aliacha nyumbani pengo lilelile, na haki yake ya kukumbukwa haipungui hata chembe.

Wengi wao wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka kwa taadhima. Jambo hilo ni adhimu, wala sina neno la kulipunguza. Lakini kwa Mnyakyusa maziko ni jambo la nyumbani: kaburi huchimbwa kwenye boma la aila, ng'ombe huchinjwa, na zamani wanaume walicheza ngoma ya msiba na mikuki mikononi, wakimwaga machozi na ushujaa kwa pamoja. Aliyezikwa upande wa pili wa nchi hakuchezewa kaburini pake, na mama yake hana mahali pa kupalilia.

Na asiye na kaburi nyumbani, hata jina lake huweza kupotea. Tumepata kupoteza majina namna hii zamani. Mwaka 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana Karonga, ng'ambo ya Songwe, na meli ya Waingereza ilipoishambulia meli ya Wajerumani, askari na wapagazi wa pwani hii walikufa katika ugomvi usiokuwa wao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 huwakumbuka wote kwa Kiswahili na Kiingereza, wala haimtaji hata mmoja kwa jina.

Hirimu wa vijana wa Kagera wangali hai, ingawa ni wazee sasa. Wao ndio wanaojua nani alikuwa mpiga kasia hodari, nani alikuwa mwoga wa mamba, nani aliacha mchumba. Basi enyi viongozi wa vijiji vya Kyela, Ipinda, Mwaya na Matema, waiteni wazee hao barazani mwaka huu, waulizeni, na majina mtakayopewa yaandikeni ubaoni katika ofisi ya kijiji, pamoja na majina ya mama zao.