Gorila wa Virunga na uchumi wa mipaka mitatu

Mipaka ya Rwanda, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana kwenye kilele cha Mlima Sabyinyo. Miteremko yake iko ndani ya hifadhi tatu: Volcanoes ya Rwanda, Mgahinga ya Uganda, na Virunga ya Kongo, ambayo ilianzishwa mwaka 1925 na ndiyo hifadhi ya taifa kongwe kuliko zote Afrika. Sensa zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019 zilikuta gorila wa milimani 1,063, wakiwemo 604 katika safu hii ya volkano na waliosalia katika msitu wa Bwindi, Uganda, na viunga vyake. Wanyama hao hawaulizi mpaka uko wapi. Kundi la Nyakagezi, ambalo ndilo pekee lililozoeshwa watu huko Mgahinga, limewahi kuhamia Rwanda na kurudi mwaka 2012, na kila likivuka, mji jirani wa Kisoro hukosa mgeni na mapato.

Bidhaa yenyewe, yaani ziara ya kuona gorila, haiongezeki. Kundi moja hutembelewa na watu wasiozidi 8 kwa siku, tena kwa saa moja tu. Rwanda, kwa makundi yake 12, ina vibali 96 vya kuuza kila siku, basi. Kilichobaki kupandishwa ni bei. Mwezi Mei 2017 Rwanda ilipandisha bei ya kibali kutoka dola 750 hadi 1,500. Uganda hutoza 800 tangu Julai 2024. Tofauti hiyo imezaa njia yake ya biashara: mgeni hushukia Kigali, hulala katika mji wa Musanze, kisha huvuka mpaka wa Cyanika kwenda kuona gorila wa Uganda kwa karibu nusu ya bei. Upande wa kusini wa Bwindi uko karibu zaidi na uwanja wa ndege wa Kigali kuliko wa Entebbe.

Hapo ndipo kongano la utalii lilipojijenga, kuzunguka kibali ambacho wenyeji hawakiuzi. Alfajiri langoni wapagazi hujipanga kwa zamu wakiwa na sare zao, na mgeni hukabidhiwa fimbo ya kupandia mlima. Fedha ya kibali huingia serikalini. Ya mpagazi huingia kijijini jioni ile ile. Nyuma yake wako madereva, wasusi wa vikapu na wakulima wa viazi wanaouzia majiko ya hoteli.

Ubunifu wenye uzito hapa haukuwa wa mitambo bali wa mgawo. Rwanda ilianza mwaka 2005 kurudisha asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa jamii jirani, ikaifanya 10 mwaka 2017. Hoteli ya Sabyinyo Silverback Lodge ni mali ya SACOLA, jumuiya ya wanakijiji, na huendeshwa na kampuni kwa mkataba. Upande wa Bwindi, daktari wa mifugo Gladys Kalema-Zikusoka alianzisha Gorilla Conservation Coffee, inayonunua kahawa ya wakulima wanaopakana na msitu kwa bei nzuri zaidi, ili shamba lipunguze tamaa ya kuingia msituni. Waliofaidika kidogo kuliko wote ni Wabatwa, wenyeji wa asili wa misitu hii, walioondolewa humo Uganda ilipotangaza hifadhi za Bwindi na Mgahinga mwaka 1991. Wengi wao leo hucheza ngoma mbele ya watalii kwa malipo madogo.

Viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100 na kudumu siku 90, imerahisisha safari, ingawa Kongo haimo. Siasa nazo huweza kubomoa kazi ya viza: kituo cha Gatuna, mpakani mwa Rwanda na Uganda, kilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa Januari 2022, na katika kipindi hicho biashara ndogo ya mpakani ilidorora.

Kongo ndiyo iliyoumia zaidi. Virunga ilisitisha utalii Mei 2018 baada ya askari wa hifadhi kuuawa na watalii wawili wa Uingereza kutekwa, ikafungua tena Februari 2019, kisha ukaja ugonjwa wa korona na baadaye vita vya waasi wa M23. Bila wageni, hifadhi imeegemea umeme: mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, uliozinduliwa mwaka 2015 huko Rutshuru, unauza nishati kwa kaya na viwanda vidogo hadi mji wa Goma.