Asali ya Barabarani na Siri ya Jani

Magari yakikwama Waiyaki Way karibu na Kangemi, mchuuzi hukujia dirishani na chupa mkononi. "Asali safi ya Kitui, mama! Haina hata chembe ya sukari!" Nami mwezi uliopita nikanunua. Nyumbani, mama mkwe alichovya njiti ya kiberiti ndani yake, ikakataa kuwaka, akatangaza kwamba nimeuziwa sukari guru. Jirani akadondosha tone katika glasi ya maji, likazama bila kuyeyuka, akaapa kwamba ni asali halisi. Mtoto mwenye kikohozi alibaki ameshika kijiko, anangoja wakubwa waelewane.

Wote wawili walikuwa wakibahatisha. Asali halisi yenye majimaji hulowesha kiberiti vilevile, na sharubati nzito ya sukari huzama kama asali. Kipimo cha kuaminika zaidi kiko maabara, nacho huanzia kwenye jani la mmea.

Msomaji, kaboni iliyo hewani si ya namna moja. Kati ya atomi 100, karibu 99 ni nyepesi, za uzito wa 12. Moja hivi ni nzito, ya uzito wa 13. Mimea mingi, kama vile maharagwe, sukuma wiki, kahawa, migunga na hata mijakaranda inayopamba jiji letu, hubagua. Ni kama kondakta wa matatu anayependelea abiria wembamba: hupakia kaboni nyepesi kwa urahisi kidogo zaidi kuliko ile nzito. Mahindi, miwa, mtama na nyasi za Kikuyu tunazokalia Uhuru Park zina mtambo mwingine ndani ya jani, unaosukuma hewa hadi seli za ndani kwa nguvu. Kondakta huyu hajali unene. Anayefika mlangoni anapanda.

Wanasayansi hupima tofauti hiyo kwa sehemu za elfu, wakilinganisha na kipimo cha kimataifa. Kundi la maharagwe hucheza karibu na -27, kundi la mahindi karibu na -12. Kwa hiyo sufuria moja ya githeri ina kaboni za namna mbili, na hakuna moto wa jiko unaoweza kuzichanganya zisitambulike.

Mmea huurithi mtambo huo kutoka kwa mababu. Lakini usidhani kila nyasi ni sawa na mahindi. Ngano na mpunga pia ni nyasi, ila wao wamo upande wa maharagwe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1979 kuhusu nyasi za Kenya ulionyesha kwamba chini ya mita 2,000 karibu zote ni za kundi la mahindi, na juu ya mita 3,000, kwenye baridi ya milimani, karibu zote ni za kundi lile lingine. Nairobi, yenye kimo cha mita 1,700 hivi, iko upande wa joto.

Mazingira nayo yana neno lao. Kiangazi kikija, mharagwe hufunga vitundu vya majani ili usipoteze maji. Hewa ndani ya jani hupungua, na kondakta mchaguzi, akiona steji haina watu, hupakia hata wanene. Jani la shamba kavu basi huwa na kaboni nzito zaidi kuliko la mmea uleule uliojificha kivulini katika msitu wenye unyevu kama Karura. Lakini ni tofauti ya hatua chache tu. Ukame hauugeuzi mharagwe kuwa muhindi.

Turudi kwenye chupa. Nyuki hukusanya nekta hasa kwa maua ya kundi la maharagwe, hivyo asali huwa karibu na -25. Sukari ya miwa iko karibu na -12. Ukichanganya nusu kwa nusu, utapata -18 hivi, na mwizi ameshikwa. Ujanja uko kwa anayetia kidogo tu: je, hiyo hatua moja ni sukari, au ni kiangazi cha Kitui? Hapo maabara huitoa protini iliyo ndani ya asali hiyohiyo na kuipima peke yake. Protini imepitia kiangazi kilekile, lakini mchuuzi haongezi protini. Zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya elfu, yaani sukari ya miwa asilimia 7 hivi, asali imechakachuliwa.

Kuna mwanya, hata hivyo. Anayetumia sharubati ya mchele au ya kiazisukari hupita, kwa kuwa mimea hiyo ni jamaa ya maharagwe kwa kaboni yake. Hao hutafutwa kwa vipimo vingine.

Chupa yangu bado iko kabatini. Mama mkwe ameitia alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu, na kila mtoto akikohoa, jirani hugonga mlango kuuliza kama tumempa kijiko.