Mngurumo wa milioni 60

Hakuna mtu anayehitaji Subaru Impreza WRX STI. Tuanzie hapo, tusidanganyane. Kwenda kazini IST inatosha, kwenda kijijini Noah inabeba watu na magunia yao, na foleni ya Ubungo haijali kama bonneti yako ina tundu la kuvutia hewa au haina. Anayeitaka STI anaitaka kwa sababu anaitaka tu. Hoja nyingine zote anazozileta mezani, kwamba ina milango mitano kwa hiyo ni gari la familia, kwamba inashika barabara kwa hiyo watoto watakuwa salama, kwamba Subaru haishuki bei, ni za kumlainisha mama watoto. Naye kwa kawaida halainiki.

Mimi sioni aibu katika kutaka hivyo. Huyo huyo anayeambiwa amepata wazimu kwa kuwaza gari la milioni 60 amekaa kwenye kamati ya harusi ya mdogo wake, akachanga, akawasumbua wenzake wa ofisini nao wachange, na fedha zote zikaishia kwenye ukumbi, mapambo, MC na matarumbeta kabla ya saa saba usiku. Hakuna aliyesimama kuuliza faida. Tunajua kulipia raha, tena tunalipia vizuri. Tatizo la gari la mbio ni kwamba harusi ikiisha imeisha, lakini gari likishaingia getini ndipo linapoanza kudai.

Mapenzi yenyewe yana historia. Mashindano ya Safari yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na magari yakakatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliyashinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta akayachukua mara 5. Lakini kizazi kinachotafuta STI leo kilinaswa na Impreza ya bluu yenye tarakimu 555 za njano ubavuni, chapa ya sigara iliyokuwa mdhamini. Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia na gari hilo 1995, akashinda Safari 1997. Richard Burns naye akaishinda 2000, vilevile kwa Impreza. Na kabla ya ushindi huo wa Impreza, Mkenya Patrick Njiru alikuwa ameimaliza Safari ya 1993 akiwa na Subaru Vivio ya cc 660, kigari kinachokaribia kuwa bajaji iliyovaa bodi. Ukiyakumbuka hayo unaelewa kwa nini mhasibu mwenye akili zake timamu husimama barabarani kusikiliza bomba la moshi la mtu asiyemjua.

Kuna sababu nyingine ya haraka waliyonayo wapenzi wa gari hili: halitengenezwi tena. Injini ya EJ20 iliagwa Japani kwa toleo la mwisho la magari 555, tarakimu ile ile, na Machi 2022 Subaru ikatangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI. Kilichobaki sokoni ndicho hicho, na kila mwaka kinapungua kwa ajali na kwa injini zilizokufa mikononi mwa waliolinunua wakiwa na bei yake mfukoni na si zaidi.

Sasa hesabu. Chukua STI ya 2008, ile ya milango mitano yenye farasi 308. Tuseme imefika bandari ya Dar es Salaam ikiwa imegharimu milioni 30, bima na nauli ya meli ndani yake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 7.5. Injini ina cc 1,994, na hizo cc 6 pungufu ya 2,000 zina maana yake bandarini: ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 5 badala ya 10. Lakini gari limevuka miaka 10, kwa hiyo uchakavu unakula asilimia 30 nyingine. Halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya lundo lote hilo. Ukijumlisha unafika milioni 59.7, na hapo hujamlipa wakala wa forodha wala tozo ndogondogo wala namba za gari. Kumbuka pia kwamba TRA wana orodha yao ya thamani. Ankara yako ikisema gari ni rahisi kuliko wanavyoamini wao, wanaoaminiwa ni wao.

Jirani zetu wa Kenya hawana hata nafasi ya kufanya hesabu hiyo. Kwao gari lililovuka miaka 8 haliingii kabisa, na kodi inakokotolewa kwa bei ya rejareja iliyopangwa na KRA, si kwa ulichomlipa Mjapani. STI za mwisho za soko la Japani zilitoka kiwandani karibu na 2020, kwa hiyo mlango wao unafungwa. Mwenye nayo Nairobi hana haraka ya kuuza.

Turudi kwenye milioni 60 zetu, maana hapo ndipo wengi wanapofunga daftari. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani, ukiongeza VAT unakaribia milioni 2.5 kwa mwaka. Mafuta: kwenye foleni za Dar ukipata kilomita 7 kwa lita mshukuru Mungu. Kwa kilomita 1,000 za mwezi hizo ni lita 143, na tukikadiria lita kwa shilingi 3,000 unamwaga milioni 5 kwa mwaka. Haki itendeke: hata IST ingekunywa, labda nusu ya hapo. Kisha kuna fedha ambayo hukuipata. Milioni 60 zikiwekwa mahali zinapozaa asilimia 12, hatifungani ya serikali kwa mfano, zingekuletea milioni 7.2 kila mwaka bila kumwona fundi. Ukizijumlisha tatu hizo ni karibu milioni 15 za mwaka mmoja, na bado hujanunua tairi za inchi 18 wala pedi za breki za Brembo. Na pedi hizo uhakikishe si zile za kufanana jina tu.

Ukitaka kujua kama unaliweza gari hili, usiangalie mwezi wa kulitoa bandarini. Mwezi huo kila mtu anaweza, kwa sababu ameuza kitu. Angalia mwaka wa pili. Ndipo mkanda wa taimingi unapoweza kufikia kilomita 100,000 zake, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni, injini inakwenda. Wengi wa walioshindwa na Subaru walikuwa na bei ya gari. Hawakuwa na bei ya mwaka wa pili, wakaanza kuahirisha: oili ya kilomita 5,000 ikasogezwa hadi 8,000, kisha ikawekwa ya bei nafuu. Injini ya turbo haisamehe hilo. Beringi za konrodi zinaanza kugonga, na sauti ile ukiisikia mara moja hutaisahau.

Petroli nayo ni kesi. Japani injini hii ilipangwa kwa mafuta ya daraja la juu, ambayo vituo vya kule huyauza kwa oktani 100. Yetu ni ya chini ya hapo. Ukiiendesha kistaarabu kompyuta ya gari inajirekebisha na unapoteza farasi kadhaa usiowahi kuwatumia. Ukimpata kijana wa laptopu akaongeza nguvu ili uwatishie watu Mbezi Beach, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na kingo zinazoshika ringi za pistoni zinavunjika. Ndiyo maana STI iliyokwisha kuchezewa mimi siigusi hata kwa nusu bei.

Fundi anayezijua mashine hizi ukimpeleka kukagua haanzi kwa kuwasha. Anaweka kiganja juu ya rejeta. Ikiwa ya moto, anamtazama muuzaji na kumuuliza kwa nini ametangulia kuiamsha injini, kwa sababu pistoni iliyolegea hupiga kelele injini ikiwa baridi na hunyamaza ikipata moto. Kisha anafungua kopo la maji na kunusa: harufu ya moshi ndani yake maana yake gasketi zinavuja. Anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwenye suruali, anakirudisha, anachomoa tena. Ikiwa chini ya alama, gari linakula oili na mwenyewe hajali. Halafu ndio kazi yenyewe. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kila upande, kwa hiyo plagi ziko ubavuni zimebanwa na fremu. Inabidi atoe betri na chupa ya maji ya waipa, apenyeze mkono hadi kwenye kiwiko, azitoe kwa kupapasa. Anapima kompresheni ya silinda zote nne na kuandika kwa chaki kwenye sakafu. Hajali sana namba ni kubwa kiasi gani; anataka zifanane. Anayoisubiri zaidi ni ya silinda ya nne, yenye sifa mbaya katika ukoo huu wa injini. Ikiwa moja imeanguka mbali na wenzake, anaanza kukusanya spana zake bila kusema kitu.

Kwa gari linaloagizwa, pa kuanzia ni karatasi ya mnada wa Japani. Ikiwa na daraja R, gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha karatasi hiyo ameshakujibu.

Tuseme umepita kote huko na fedha ipo. Utaliendeshea wapi? Hapa ndipo huwa nawauliza rafiki zangu na wao huanza kutazama simu. Mjini mwendo ni 50. STI huvuka 80 ikiwa gia ya pili, kwa hiyo katika gia sita ulizozilipia utatumia moja na nusu. Ukitoka mjini, vibao vya 50 vinakusubiri kwenye kila kijiji, na baada ya kibao yupo trafiki mwenye tochi yake na faini ya shilingi 30,000. Matuta yanakwangua bampa la mbele. Klachi ya gari hili ni nzito, na foleni ya jioni kutoka Posta ni dawa ya kumaliza hamu. Wanaotafuta jibu kwenye barabara za watu usiku tunawasoma kwenye habari za ajali, pamoja na majina ya waliokuwa wanavuka.

Majibu halali yapo. Chama cha magari cha Tanzania, AAT, ndicho kinachosimamia mchezo huu nchini, na mashindano ya Iringa au Morogoro hufanyika kwenye vumbi ambako barabara imefungwa na gari la wagonjwa liko pembeni. Kenya wana Kiamburing, mbio za kupambana na saa kwenye kona za Kiambu, na huko Subaru hazipungui. Kama uko tayari kuvaa helmeti na kulipia kiingilio, gari lina kazi. Kama unalitaka kwa ajili ya mngurumo pale kwenye taa za Mwenge, unalipia redio ya bei ghali.

Maoni yangu, ambayo yameniharibia mazungumzo mengi ya vijiweni, ni kwamba kwa barabara zetu na mwendo wetu gari dogo jepesi linakupa raha nyingi zaidi. Suzuki Swift Sport ya kizazi kilichoanza 2011 ina injini ya cc 1,586, farasi 136, gia sita za manyuali, na uzito chini ya kilo 1,100. STI inaizidi kwa karibu kilo 400. Swift unaibana mpaka mwisho wa nguvu zake kwenye kona za milima ya Lushoto na bado hujawa hatari kwa mama aliyebeba kuni. Haina turbo ya kufa. Unabadilisha gia kwa sababu inakulazimisha, na kubadilisha gia ndiyo starehe yenyewe. Kinachobaki kwenye milioni 60 kinanunua tairi, kozi ya udereva wa mbio, na kiingilio cha mashindano. Wenye kupenda magurudumu ya nyuma yasukume watatafuta Altezza RS200 ya farasi 210, ingawa sasa ni gari kongwe na nyingi zimeshapitia mikono ya vijana wa kuzungusha matairi.

Bado unaitaka STI? Basi iwe kwa fedha taslimu. Mkopo wa mshahara wa miaka mitano kwa gari ambalo injini yake inaweza kufa mwezi wa kumi na nne ni kifungo. Weka pembeni theluthi moja ya bei kabla hujalipa hata senti kwa Mjapani, na usiiite akiba. Ni sehemu ya bei. Hakikisha fundi wako yuko karibu na spea unajua zinatoka wapi, maana injini ya mtumba ya Forester ya kawaida Ilala utaipata, ya STI utaisubiri. Na mama watoto aambiwe bei kamili, pamoja na ya mwaka wa pili.

Pia ujue kuuza kutakuwaje. Gari la turbo lenye gia za manyuali halinunuliwi na kila mtu. Vijana kumi watakuja kuomba kuliendesha raundi moja, wapige picha, waondoke. Mnunuzi wa kweli atakuja asubuhi na mapema na fundi wake, kabla hujaliwasha, na atataka kuona risiti za oili tangu wiki uliyolitoa bandarini.